Shubiri ya Mansara

Siku ya kwanza Tekman alipomwona Mansara akikagua visiki, mama yule alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, mkono wake wa kulia ameutandaza ubavuni mwa kisiki, dole gumba likigusa ardhi na kidole cha mwisho kikielekea juu. Hakuinua kichwa. Alikiacha kisiki hicho akaenda cha pili, kisha cha tatu, mpaka cha kumi, na kila alipofika aliuweka mkono namna ileile. Ndipo akauliza, bila kumtazama mtu, "Mstari huu ni wa nani?"

"Wa mkwe wenu," watu wakajibu. "Yule wa bondeni. Yule aliyeolewa."

Wakacheka. Tekman alikuwa na wiki tatu tu pale kijijini. Alikuwa amemwoa Yamkali, na kwa kuwa Yamkali hakuwa na kaka, na baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua, mume ndiye aliyehamia kwa mke. Katika milima ile jambo hilo si dhambi, ila watu hulitafuna kama mahindi ya kukaanga.

"Njoo hapa, mkwe," Mansara akasema. Alikuwa dada wa baba yake Yamkali.

"Nimekuja, shangazi."

"Fimbo yako iko wapi?"

Tekman akaichomoa kiunoni. Kila mkataji alikuwa na fimbo kama ile. Asubuhi hiyo, kama asubuhi ya kwanza ya ukataji kila mwaka baada ya sikukuu ya Dasain, watu wa karakana ya karatasi walikuwa wamepanda msituni, Mansara akatandaza mkono wake juu ya fimbo mbichi, na Dhanraj, mwenyekiti wa kamati ya msitu, akaikata kwa kipimo hicho. Wakataji wote wakakata zao kwa kuilinganisha na ile. Kichaka cha lokta, ambacho gome lake ndilo hutengenezwa karatasi, sharti kiachwe kisiki cha urefu wa shubiri moja ya Mansara. Ukikata hapo, machipukizi hutoka, na baada ya miaka sita kichaka kinampita mtu kimo. Ukikata chini ya hapo, gome linaporaruliwa huvuta na ngozi ya mzizi, na kichaka hufa. Msitu wenyewe uligawanywa vitalu sita. Mwaka huu kinakatwa kimoja, mwakani kingine, na havirudiwi mpaka mzunguko utimie.

Kwa nini mkono wa Mansara na si wa mwingine? Zamani kila mtu alipima kwa mkono wake, na ugomvi haukwisha. Mwenye mkono mpana alilalamika kwamba anaacha mali msituni, mwenye mkono mdogo akaitwa mwizi. Mkono wa Mansara ulikuwa wa katikati, naye alikuwa amekata lokta tangu ana umri wa miaka tisa, na hapakuwa na aliyewahi kuonyesha kisiki chake kilichokufa. Wakakubaliana.

Tekman fimbo alikuwa nayo, ila hakuitumia. Kwao bondeni alikuwa mkata majani na kuni, na mkata majani mzuri hukata mpaka ardhini. Kuacha shubiri nzima ya gome zuri alikuona uvivu. Tena alitaka wakwe wamwone mchapakazi.

"Vidole viwili," Mansara akasema. "Vyote hivi vimepungua upana wa vidole viwili."

Dhanraj akajikohoza. "Mgeni huyu, dada. Tumsamehe mara hii."

"Kichaka hakimjui mgeni."

"Ni mkwe wa kaka yako."

"Ndiyo maana nimeanza na mstari wake."

Kanuni ilikuwa moja: aliyekata chini ya kipimo hufutwa kwenye orodha ya wakataji kwa mzunguko mzima, miaka sita, mpaka kitalu alichokiharibu kirudiwe tena. Tekman alifutwa kabla jua halijafika utosini. Hakujitetea. Kusimama mbele za watu kulimfanya aone miguu yake ni mirefu mno, na maneno yalimkimbia kila alipoyahitaji.

Kabla hajashuka, Mansara alimrudishia fimbo yake. "Wenzako wataichoma mwisho wa msimu. Wewe usiichome. Iweke darini, ulale ukiiona, uamke ukiiona."

Fimbo za wengine zilifuata desturi: msimu ulipokwisha zilitiwa motoni chini ya sufuria la kwanza la magome. Fimbo ya mwaka huu hupika magome ya mwaka huu, ndivyo walivyosema. Ya Tekman ikabaki darini, ikila moshi.

Aliyefutwa msituni hupelekwa karakanani, na Tekman akapewa rungu la mti la kupondea magome. Magome yaliyokatwa hukunwa weusi wake, hulowekwa, huchemshwa na maji ya majivu ya mwaloni mpaka yalainike, kisha hupondwa juu ya jiwe yawe rojo. Ilikuwa kazi ya wazee na ya wanawake wenye mimba. Vijana wakipita na matenga mgongoni, mkanda wa tenga kipajini, walimwuliza, "Mwali, miezi mingapi sasa?" Tekman akawa anaponda tu.

Hatua tatu kutoka kwenye jiwe lake palikuwa na birika la Mansara. Yeye ndiye aliyemimina. Alilaza fremu ya kitambaa juu ya maji, akamwaga rojo bakuli moja, akalitandaza kwa viganja, akainua fremu polepole, maji yakachuruzika, ikabaki ngozi nyembamba nyeupe ambayo jua liliigeuza karatasi. Fremu mia kwa siku, na siku za baridi alivunja barafu kwanza. Mume wake alikwenda India kulinda lango la kiwanda akiwa kijana, na hakurudi wala hakuandika. Mtoto hawakupata. Alikula ugali wa ulezi na mboga kavu kama kila mtu, akanywa kikombe kimoja cha pombe siku za sikukuu, na hakuna aliyemsikia akimtaja mume.

Kitu cha kutupwa hakikuwepo pale. Karatasi iliyochanika, kingo zilizokatwa, fremu iliyomwagika vibaya, vyote vilirudi kwenye pipa la kulowekea. Mwalimu wa shule alileta mabunda ya mitihani ya zamani, nayo yakachanwa ili yatengenezwe majalada. Mansara hakujua kusoma, lakini alipenda kujua anachana nini.

"Huyu amepata ngapi?"

"Kumi na mbili kwa mia, shangazi," Tekman akasoma.

"Maskini. Mloweke vizuri, atatoka mweupe."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka ile sita. Hakumfundisha kwa maneno. Siku moja alimwachia bakuli na kwenda kunywa chai, na aliporudi akakuta fremu tatu zimemiminwa. Akainua moja kuelekea juani, akaona ilivyo na mabonge, akairudisha kwenye pipa. Ya pili vilevile. Ya tatu aliisimamisha ikauke. Basi, tangu hapo Tekman akawa mmiminaji wa pili.

Mkono wa Mansara aliuona kila siku, na kitu unachokiona kila siku hukioni. Aliona vidole vimevimba kwenye viungo. Aliona kwamba siku hizi anashika bakuli kwa mikono miwili. Akadhani ni baridi, na yeye mwenyewe Mansara alisema ni baridi.

Mwaka wa sita ulipotimia, kitalu cha Jiwe Jeupe kilirudi zamu, na jina la Tekman likarudi kwenye orodha. Asubuhi ya kwanza Mansara alitandaza mkono, Dhanraj akakata fimbo, watu wakalinganisha zao. Tekman akapewa mstari wake uleule wa zamani, maana huo ndio uliokuwa mtindo: ulipoharibu, hapo ndipo unaporudi.

Alihesabu visiki vyake vya mwaka ule. Thelathini na nne. Kumi na tisa vilikuwa vimekufa, vimeoza, unaweza kuvipiga teke vikavunjika. Kumi na tano vilikuwa na machipukizi, mengine manene kama kidole gumba, mengine kama mkono wa mtoto. Mstari wa jirani ulikuwa umesimama wote. Tekman akakaa chini. Miaka yote alikuwa akijiambia kwamba labda shangazi alizidisha ukali, na sasa alikuwa na jibu mbele yake.

Halafu, kwa ajili ya kutaka tu kujua, akasimamisha fimbo yake mpya kando ya kisiki kimoja kilichokufa. Kisiki kikaipita fimbo.

Akajaribu kingine, kikaipita. Akajaribu sita, na vyote vilikuwa virefu kuliko fimbo ya mwaka huu, au sawa nayo. Kwa fimbo hii, visiki vilivyomfutisha vingekuwa halali.

Alikata siku hiyo kwa kukadiria, juu zaidi ya kipimo, na jioni akapanda darini. Aliziweka fimbo mbili sakafuni, mbele ya mke wake.

"Za nini hizi?" Yamkali akauliza.

"Ile nyeusi ni ya shangazi, ya mwaka niliofutwa. Nyeupe ni ya leo."

Yamkali akaweka vidole kwenye tofauti. Vikaenea vitatu. "Mti ukikauka unarefuka?"

"Kama unabadilika, unapungua."

"Kamati inakaa kesho kuhusu Sukmati. Unajua hilo?"

Alijua, kijiji kizima kilijua. Sukmati alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mkataji wa miaka mingi, na mstari wake katika kitalu kilichokatwa miaka miwili nyuma ulikuwa umechipua vibaya kuliko yote. Walipima visiki vyake kwa fimbo mpya, hakuna kilichopungua. Basi wakasema amerarua gome mpaka mzizini kwa uzembe. Mistari ya wengine ilichipua afadhali, na sababu yake haikuwa ya kujivunia: wengi walikuwa wavivu wa kuinama, wakakata juu ya kipimo. Sukmati ndiye aliyeinama na kufuata fimbo.

"Ukisema mkutanoni," Yamkali akaendelea, "watasema mkwe amengoja miaka sita amlipize shangazi."

"Najua."

"Usiposema, Sukmati anafutwa."

"Najua."

"Kila kitu unajua. Sasa utafanya nini?"

"Sijui."

Yamkali akaisogeza fimbo nyeusi mbele yake kwa mguu. "Mpelekee mwenyewe. Mwenye mkono ndiye asemee mkono wake."

Asubuhi Tekman alifika karakanani kabla ya wengine. Mansara alikuwa akivunja barafu kwenye birika kwa kitako cha bakuli. Tekman akasalimia, akaiweka ile fimbo nyeusi kwenye ukingo wa birika, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni ile?" Mansara akauliza.

"Ni ile."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ulinipa niiweke, shangazi."

"Nilikupa ili uone haya."

"Niliona."

Mansara akakausha mkono kwenye vazi lake, akautandaza juu ya fimbo. Dole gumba likakaa mwisho mmoja. Kidole cha mwisho hakikufika mwisho wa pili, kikakomea mbali. Akatumia mkono wa kushoto kuvikandamiza vidole vya kulia, kimoja kimoja, kama mtu anayenyoosha msumari. Kiungo kimoja kikalia. Vidole vikanyooka kidogo, na alipoviachia vikarudi.

Tekman akaangalia fremu zilizoegemezwa ukutani.

"Umemwonyesha nani?" Mansara akauliza.

"Yamkali peke yake."

"Dhanraj?"

"Hapana."

"Sukmati?"

"Hapana, shangazi."

"Ponda magome," Mansara akasema. "Rojo la jana limekwisha."

Tekman akaponda mpaka saa nne, naye Mansara akamimina mpaka saa nne. Mara mbili fremu yake ilitoka na mabonge, akairudisha kwenye pipa mwenyewe.

Mkutano ulikaa uani, katikati ya fremu zilizokuwa zikikaushwa. Dhanraj alisema kwa kirefu. Mnunuzi wa mjini Pokhara alitaka magunia zaidi, bwana misitu alitaka kuona machipukizi kabla ya kutoa kibali cha mwakani, na kamati isipoonyesha kwamba kanuni zinafuatwa, karakana itafungwa. Akageuka kwa Sukmati.

"Una la kusema?"

"La kusema nimelisema mpaka koo limekauka. Nimekata kwa fimbo. Kama fimbo ni mwongo, ifuteni fimbo."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mjane ana ulimi, ila gome ndilo linaloujua ukweli." Wengine wakacheka.

Mansara akasimama. Alikuwa na fimbo mbili mkononi, ile nyeusi na nyeupe ya jana. Tekman aliangalia miguu yake mwenyewe.

"Sukmati kasema kweli," Mansara akasema. "Fimbo ni mwongo. Dhanraj, shika."

Dhanraj akazishika, akazilinganisha, akazigeuza, akazilinganisha tena. "Hii nyeusi ya nani?"

"Ya mkononi kwangu, mwaka alioolewa huyu." Akamwelekezea Tekman kidevu. "Na hii nyeupe ya mkononi kwangu, jana. Mkono umejikunja, na mimi nimeuona unajikunja nikasema ni baridi. Kila mwaka tumekata fupi kidogo, na kila mwaka tumechoma ushahidi chini ya sufuria. Visiki vya Sukmati vimekufa kwa sababu alinitii."

Dhanraj akatafuta pa kuziweka fimbo, hakupata, akabaki nazo.

"Basi tutakata mpya," akasema hatimaye. "Tutafuata hii nyeusi. Yameisha, dada. Kaa."

"Hayajaisha. Kanuni inasema nini?"

"Kanuni ni ya wakataji."

"Kanuni ni ya aliyepunguza kipimo. Nifuteni."

"Dada, una miaka sabini na mbili. Mzunguko ni miaka sita."

"Hesabu unaijua. Andika."

Wakaandika. Kwenye daftari la kamati, chini ya jina la Tekman lililofutwa na kurudishwa, likaandikwa jina la Mansara. Sukmati alitaka kumshika mkono wakati watu wanatawanyika, lakini Mansara alikuwa amekwisha kurudi kwenye birika. Siku iliyofuata Dhanraj alishuka kwa mhunzi na fimbo nyeusi, akarudi na nondo fupi ya urefu uleule. Fimbo yenyewe Tekman aliirudisha darini.

Watu walimwuliza wakati mwingine kama alifurahi. Lilikuwa swali la kawaida, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Alijibu kwamba kazi ni nyingi.

Mansara hakupanda tena msituni. Alimimina miaka miwili zaidi, mpaka bakuli likamshinda, kisha akahamia kwenye kuchambua, akakaa kibarazani na lundo la magome meupe mapajani akitoa madoa kwa ncha ya kisu. Kila mwisho wa msimu Tekman alipita kwake kabla ya kwenda nyumbani, bado ana majani kwenye nywele. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Vimechipua?"

"Vimechipua. Ila vile vya Sukmati tumepanda miche."

"Miche inachelewa."

"Inachelewa."

Mwaka wa tano tangu afutwe alishikwa na kifua kama kaka yake. Ulikuwa umebaki msimu mmoja jina lake lirudi kwenye orodha, na Tekman alikuwa amekwisha kuzungumza na vijana wawili kuhusu kumbeba kwa tenga mpaka kitalu cha Jiwe Jeupe, akae tu, aone. Alikwenda kumweleza hilo mchana mmoja wa baridi kali. Yamkali alikuwa jikoni akimtengenezea uji. Mansara alikuwa amelala karibu na moto, mikono imekunjwa juu ya blanketi, midogo kama miguu ya kuku. Alisikiliza habari ya tenga, akasema uzito wake si kitu, hata mbuzi angembeba.

Kisha Tekman akauliza. Alikuwa amelibeba swali hilo miaka mitano, na lilimtoka kwa sauti ndogo hivi kwamba ilimbidi alirudie.

"Shangazi. Siku ile ya kwanza, uliponifuta. Mkono wako ulikuwa mzima?"

Mansara akaufumbua mkono kadiri ulivyofumbuka, akautazama, akatazama moto kama mtu anayekumbuka njia. Dhana aliyokuwa nayo Tekman miaka yote ilikuwa kwamba jibu lolote lingemfaa: mkono mzima ungemaanisha alihukumiwa kwa haki, mkono uliojikunja ungemwondolea lawama.

"Ulikuwa umeshaanza kujikunja," akasema. "Mwambie Dhanraj aongeze kidole kimoja kwenye nondo. Na visiki vyako, mkwe, vilikuwa vifupi kuliko nilivyosema: vilipungua vidole vitatu, si viwili."